Viroboto wa Daktari wa Mifugo

Daktari wa mifugo, ambaye watu walimbandika jina la Bwana Sindano, alikuwa na jibu la kila kitu, na mengi aliyatoa kwa kelele. Basi binti yake wa miaka minne alipoanza kuwashwa makalio, kukataa chakula na kutoa chooni vitu vyeupe mfano wa punje za wali, tena vinavyojongea, hakuuliza hata swali moja. Alimgeukia mkewe papo hapo.

"Jiko lako hilo! Mboga huoshi, mikono hunawi, mtoto asiumwe kwa nini?"

Wiki mbili nzima mkewe alichemsha kila kitu, hadi vijiko, huku machozi yakimlengalenga. Mtoto akazidi kukonda.

Hospitalini, daktari wa watoto alivitazama vile vipande akaguna.

"Huyu ni tegu, mnyoo wa mbwa, mwenzangu. Mtoto hampati kwenye mboga, humpata kwa kumeza kiroboto. Kwako kuna viroboto?"

"Kwangu? Mimi?" Bwana Sindano akaangua kicheko. "Thubutu!"

Mtoto aliyempakata akadakia kwa fahari: "Wapo wengi! Baba ndiye kanifundisha kuwaua. Unambana kucha kwa kucha, tak! Wakiwa wagumu, mimi nawauma."

Laiti ardhi ingepasuka! Kila Jumapili mzee mzima alikaa kibarazani na bintiye, wakimtoa mbwa wao viroboto kwa mkono, maana dawa ilikuwa ya mbwa wa wateja. Tena akawatambia majirani kwamba mtoto karithi kipaji cha babaye. Hata vidole alimwona akivilamba, akacheka.

"Mganga hajigangi," daktari wa watoto alisema, akiandika dawa. Bingwa wa kuwafokea watu juu ya mbwa wao akaipokea karatasi ya dawa kwa mikono miwili. Mbwa wake mwenyewe hakuwa ameonja dawa mwaka mzima.

Nyumbani, mtoto alipokwisha kumeza dawa, Bwana Sindano alimfuata mkewe jikoni, kanywea. Alimkuta anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa inang'aa, vidole vimemchubuka.

"Mke wangu, si jiko lako. Ni mimi na ujuaji wangu. Nisamehe."

Mkewe aliiweka sufuria chini, akajifuta mikono taratibu.

"Nimekusikia. Sasa chukua simu umwambie na mama yako. Juzi alinipigia kuniuliza kama kwetu sikufundishwa kunawa."