Shamba Lililolala

Simu ilikuwa ya mradi, si yake, kwa hiyo Consolate aliishika kama mtu aliyebeba yai. Jua lilikuwa limesimama juu ya kilima. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni isipokuwa maji, na hayo ya chupa yalikuwa yamebaki ya kulowesha ulimi tu. Aliinua simu juu ya kichwa, akangoja. Satelaiti nne. Tano. Kwenye mafunzo walikuwa wameambiwa wasisogee mpaka zifike saba, maana chini ya hapo mstari unapinda, na mpaka wa mtu unaingia katika shamba la mwenzake.

"Weye mutoto! Unaombea mvua?"

Mwanamke mzee alikuwa ameinuka katikati ya matuta ya mihogo, jembe begani.

"Ninangoja satelaiti, Mama."

"Anakuja na njia gani huyo? Ya Kabimba ama ya mujini?"

Consolate alicheka, na kicheko kikamkumbusha njaa. Yule mama alimtazama mara moja tu, akaenda kwenye kikapu chake, akarudi na kiazi kitamu kilichopoa, kimefungwa katika jani.

"Kula kwanza. Satelaiti hatakimbia."

Hivyo ndivyo alivyojuana na Mama Dorothée. Alimweleza, huku akila, kwamba mradi unataka kupanda miti juu ya vilima vilivyobaki uchi, ili mvua isiendelee kuteremsha udongo ziwani na kuharibu mazalio ya samaki. Kabla ya kupanda, vijana wa kujitolea walitakiwa kuchora ramani: kipi ni shamba, kipi ni nyumba, kipi ni maji, kipi ni pori.

"Ni kazi nzuri," alisema Mama Dorothée. "Kuja nikuonyeshe mipaka yangu. Peke yako utapotea."

Alianza na shamba la mihogo. "Hii iko macho, lakini imechoka. Mihogo yake imekuwa kama vidole vya mutoto. Mwaka kesho nitailaza, niamushe ile ya juu." Akanyoosha mkono. Juu kulikuwa na vipande viwili vya nyasi zilizofika mabegani, na vijiti vya miti vilivyoanza kuchipua. Kwenye kila pembe palisimikwa mti mfupi uliofungwa fundo la nyasi kavu. "Unaona fundo? Mutu akiliona anajua: kuna mwenyewe, ila analaza. Huu mwaka wa tatu. Baba ya watoto wangu alinikuta ninalima hapa, akafa akaniacha ninalima hapa."

Wakazunguka. Mama Dorothée alitangulia, akipiga nyasi kwa mpini wa jembe ili nyoka wamkimbie mgeni, na nyuma yake Consolate aligusa kioo kila baada ya hatua kumi. Mstari ukaja umenyooka, bila pengo. Hakuwahi kuchora mpaka safi namna ile.

Mpaka ulipofungwa, simu ikauliza: aina gani? Aligusa Shamba. Simu ikauliza tena: zao gani? Mahindi, mihogo, karanga, mpunga, mengineyo. Hapakuwa na neno la udongo unaopumzika. Alirudi nyuma, akampigia Samy, msimamizi wao, aliyekuwa ofisini mjini.

"Kuna mazao?" Samy aliuliza.

"Hapana. Linalala."

"Linalala? Kwani liko na kitanda?" Nyuma yake watu walisikika wakicheka. "Consolate, satelaiti inaona majani. Majani ni pori. Gusa pori, songa mbele. Niko na wengine kumi na wawili wananingoja."

Baba yake Consolate alikuwa mvuvi aliyeshuka kutoka Fizi, na kwa wavuvi mahali pasipo na wavu leo hapana mwenyewe leo. Alijaribu kulifikiria jambo kwa njia hiyo. Lakini fundo la nyasi lilikuwa mbele ya macho yake, na aliyelifunga alikuwa amesimama pembeni, anajipepea kwa ncha ya kitenge. Akagusa Pori. Pori halikuuliza kitu.

Chini kabisa palikuwa na nafasi ya jina la mwenyeji aliyeongoza. Hapo aliandika kwa uangalifu, Dorothée, na alama yake ya mkwaju juu ya e, ili angalau hilo liwe sawa.

"Umeniandika?" aliuliza Mama Dorothée.

"Nimekuandika, Mama."

"Vizuri. Hata nikikufa itajulikana."

*

Kazi ile Consolate alikuwa amejifundisha karibu peke yake. Mafunzo yalichukua siku mbili, kompyuta moja kwa watu kumi na watatu, na waliokaa mbele ndio walioigusa. Yeye aliandika kila hatua katika daftari: gusa, vuta, funga, tunza. Nyumbani alichora vitufe kwenye karatasi, akawa anavibonyeza kwa kidole mpaka mkono ukazoea. Alipopewa simu, alikuwa anaijua tayari.

Aliipenda. Kutoka juu, kwenye kioo cha simu, mji wa Kalemie ulikuwa kitu cha kushikika: reli, daraja, mdomo wa mto Lukuga unaotoa maji ziwani. Aliweza hata kuona mahali nyumba yao ilipokuwa kabla ziwa halijapanda. Palikuwa pamekuwa rangi ya chai. Tangu ziwa lichukue nyumba, yeye na mama yake walilala katika jiko la shangazi, na mama alipopeleka samaki wadogo, ndagala, sokoni alirudi na swali lilelile: wa kujitolea atajitolea mpaka lini? Consolate alimjibu kwamba baada ya miezi sita mmoja wa vijana wa mradi atapewa kontra, kazi ya mshahara.

"Weye njo satelaiti yenyewe," Samy alimwambia mbele ya wenzake siku walipokagua kazi. "Tazameni mipaka ya huyu. Haina hata pengo moja."

Wakampigia makofi. Alitazama sakafu, wakadhani ni haya.

*

Ramani ilichapishwa juu ya turubai kubwa, ikatundikwa kwenye ukuta wa kanisa la kijiji. Walikuja shefu wa kijiji, mkubwa mmoja wa mambo ya ardhi kutoka mjini, na Papa Floribert, kiongozi wa mradi, mtu mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alieleza kwamba palipo na kijani patakuwa msitu kwa miaka thelathini. Hapatalimwa. Hapatachomwa makaa. Watu walikodoa macho. Turubai lilikuwa zuri, lakini hakuna aliyeona kijiji chake ndani yake.

Mama Dorothée akapenya mpaka mbele, akamshika Consolate kiwiko.

"Mutoto wangu, nionyeshe kwangu."

Consolate alionyesha mraba mdogo wa njano.

"Hiyo ni ya mihogo. Na zile zinazolala?"

Kidole kilipanda kidogo, kikasimama.

"Mbona zina rangi ya musitu?"

Consolate alirudisha kidole. Mama Dorothée aliachia kiwiko, akageukia meza.

"Wakubwa, kuna kosa. Zile mbili haziko pori. Njo mashamba yangu. Hii ya chini imekwisha nguvu, mwaka huu nilitaka kupanda juu. Mukipanda miti juu, mimi nitakula nini?"

"Mama, uko na karatasi?" aliuliza mkubwa wa ardhi.

"Niko na jembe."

Watu wakacheka. Mkubwa naye akacheka kidogo, kwa adabu, kisha akafungua faili lake.

"Hapa imeandikwa Dorothée. Njo weye?"

"Njo mimi."

"Ulizunguka na huyu binti mipaka yote?"

"Nilizunguka naye."

"Alikulazimisha?"

"Anilazimishe kwa nini? Hata kiazi nilimupa."

"Basi. Mwenyeji alishirikishwa." Akaandika.

Manung'uniko yakaanza nyuma. Shefu wa kijiji aliinamisha kichwa, akawa anasafisha kucha kwa njiti. Papa Floribert akainua mkono, si kwa ukali.

"Consolate, sema mbele ya watu, yasibaki maneno. Siku ile ulipopita pale, ulikuta mazao?"

Watu wote wakamgeukia. Alikuwa na maneno mengi, na yote alikuwa ameyapanga njiani: kwamba kulikuwa na mafundo, kwamba orodha ilikuwa fupi, kwamba aliuliza. Lakini hakuulizwa hayo. Aliulizwa juu ya mazao. Miezi sita ilikuwa inatimia wiki ile.

"Hapakuwa na mazao," alisema.

"Mumesikia," alisema Papa Floribert.

Mama Dorothée alimtazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Mutoto," alisema, "mutu akilala, unaandika amekufa?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

*

Kesho yake Consolate alifika ofisini kabla ya Samy. Alimwomba wafungue ramani wabadilishe vipande viwili tu. Samy alikaa, akajaribu, na mashine ikakataa.

"Imekwisha kupitishwa. Imefungwa. Na ona." Akabonyeza, akaiagiza kompyuta ionyeshe kila mahali ambapo Consolate alikuwa ameandika pori. Kilima kikawaka vipande vipande kutoka barabarani mpaka bondeni. "Vyote hivi ni vyako. Ngapi vilikuwa pori kweli?"

Consolate alisogea karibu na kioo. Hapa alikutana na mzee mwingine, aliyemchekesha. Hapa palikuwa na mafundo. Na hapa. Baada ya siku ile ya kwanza hakuwa amepiga simu tena kuuliza.

"Sijui," alisema.

"Basi usinisukumie mimi. Mimi nilikujibia kimoja."

Ofisini kwake, Papa Floribert alimpa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Sisemi unadanganya," alisema. "Lakini tukifungua kimoja, tunafungua vyote. Wafadhili watasema ramani nzima ni uongo, miti wataipeleka Moba ama Pepa, na huku udongo utaendelea kushuka. Ziwa limekula nyumba yenu, weye njo unajua kuliko mimi."

Hakuwa anadanganya. Consolate alitafuta uongo katika maneno yake, asiupate.

"Na Mama Dorothée?"

"Wenyeji watachukuliwa wa kwanza kwa kazi ya kuchimba mashimo ya miti. Hilo nimelipigania mwenyewe." Akavuta droo. "Ukitaka, andika barua ya kosa. Nitaituma, sitaificha. Ila mutu mwenye barua ya kosa katika faili hapewi kontra. Haiko mimi, njo kanuni."

Akaweka mezani karatasi mbili, moja tupu na nyingine kontra iliyokwisha kujazwa, na kalamu katikati. Kisha akatoka nje kupokea simu, akamwachia mlango wazi.

Consolate aliandika ile tupu kwanza. Mistari mitatu, kwa mwandiko wake wa daftari, na chini tarehe. Akaisoma. Akaikunja mara nne, akaiingiza katika kifua cha blauzi. Akavuta ile iliyojaa, akatia sahihi.

*

Mvua ya kwanza ilipolainisha kilima, wachimbaji waliitwa. Siku ya pili Mama Dorothée alikuja na jembe lake, akapanga foleni pamoja na wengine mbele ya Consolate, ambaye sasa alivaa kofia yenye alama ya mradi.

"Niandike na mimi," alisema.

"Mama, kazi ni nzito."

"Ya chini haikutoa kitu. Niandike."

Akaandikwa. Alipewa mstari wa juu, na hakusema kwamba anaujua. Alichimba kuliko vijana, kwa kuwa jembe lake lilijua matuta ya zamani yalikopita na udongo ulikokuwa laini. Kazi ya Consolate ilikuwa kumfuata kila mchimbaji na kupiga picha ya kila shimo, pamoja na namba za mahali lilipo, ili walio mbali waamini. Asubuhi ile zamu ilikuwa ya mstari wa juu, na kati yake na Mama Dorothée palikuwa na hatua tatu tu. Mama Dorothée aliangalia jembe lake tu. Consolate aliliandaa neno lake mara kadhaa, na kila mara jembe lilipanda na kushuka, likapita.

Katika shimo la kumi na kitu jembe likagonga kitu kisicho jiwe. Mama Dorothée akapiga magoti, akachimbua kwa vidole, akavuta kwa mikono miwili. Ukatoka mhogo, mrefu kama mkono mpaka kiwikoni, mweusi, umekakamaa kuwa ubao, na upande mmoja una kovu la jembe la mavuno ya mwisho. Akaupangusa kwa kitenge. Akasimama.

"Pori linapandaka mihogo?" aliuliza taratibu. Akauinua kifuani. "Piga picha. Weka na namba zako zote. Piga."

Wachimbaji wa jirani wakasimamisha majembe.

Consolate aliinua simu. Kwenye kioo Mama Dorothée alionekana mzima, matope mpaka magotini, ameushika mhogo kama mtu anayewaonyesha ndugu mtoto mchanga. Satelaiti zilikuwa tisa. Picha ingekaa mahali pake, bila kupinda hata kidogo.

"Consolate!" Samy aliita kutoka bondeni, mikono mdomoni. "Mashimo tu! Picha za watu zinarudishwa! Songeni, mvua inakuja!"

Mama Dorothée hakugeuka. Alingoja.

Simu ilishuka kidogo. Uso ukatoka kwenye kioo. Ikashuka tena, na mikono ikatoka, na mhogo. Likabaki shimo peke yake, limechimbwa vizuri, kingo zake zimenyooka. Na juu yake, nje ya picha, yule mama alikuwa bado ameuinua ule mhogo, amekaza shingo, akisikiliza kama simu imelia mlio wake wa kupiga picha.