Nitatembea Mwenyewe

Uchungu wa kwanza ulimkuta na bisibisi mdomoni. Alikuwa ameinamia cherehani ya mteja, mkono mmoja umeshika gurudumu, mwingine unatafuta mahali mkanda ulipokwama, ndipo kitu kikambana kiunoni, kikazunguka mpaka tumboni, kikatulia hapo kidogo, kisha kikaachia. Aliitoa ile bisibisi, akasikiliza. Kimya.

"Wa kudanganya huo," akajiambia, akaendelea na kazi.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Mwanzoni lilikuwa jina la kejeli, maana watu walizoea kumwona mwanamke akishonea cherehani, si akiifungua matumbo. Lakini mashine zao zilipoanza kurudi zikikimbia kama mpya, kejeli ikafa na jina likabaki. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mimba yake ya kwanza, na kwa hesabu ya kliniki alibakiwa na wiki mbili. Wiki hizo alikwisha kuzipangia: cherehani nne za kumaliza, nguo za mtoto za kufua, na mama mkwe arudi kutoka mji wa pili alikokwenda kumuuguza dada yake. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini, angerudi Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi.

Kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na baba mkwe.

Mzee huyo alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mrefu, mwembamba, mtu wa kuchomekea shati hata siku ambayo hatoki nje. Miaka miwili tangu Fundi aolewe, maneno waliyosemezana yangeenea nyuma ya bahasha. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Chakula tayari baba. Ahsante mwanangu. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima iliyozidi kipimo, kila mmoja akiogopa kumkosea mwenzake, basi wakaishi kama wasafiri wawili waliokaa kiti kimoja wasiojuana.

Ilipofika saa tatu na nusu uchungu ulikuwa umekwisha kuja mara tano. Wa sita ulimfanya ashike meza kwa mikono miwili, na kopo la skrubu likaenda chini, likatawanya vyuma vyake chumba kizima.

"Kuna nini huko, mwanangu?" mzee aliuliza kutoka ukumbini.

"Kopo tu, baba. Limeniponyoka."

Alitaka kusema kwa sauti ya kawaida, lakini neno la mwisho lilitokea kati ya meno. Mzee akasimama mlangoni, gazeti mkononi, akamtazama alivyojikunja.

"Hiyo si sauti ya kopo."

Fundi akaona haya. Mambo haya huambiwa mama, shangazi, dada, hata jirani. Baba mkwe unamwambia kwa mdomo gani? Akainamisha macho. "Baba, naona kama… mgeni anabisha hodi."

"Mgeni yupi? Mbona sijasikia mtu getini?" Mzee akageuka kutazama nje. Halafu akageuka tena, taratibu, akalikunja gazeti. "Lakini bado wiki mbili!" alisema, kama mtu aliyeona jawabu lisilolingana na swali.

"Mtoto hajasoma hesabu, baba."

Ilimtoka kabla hajaipima. Mzee akakodoa macho, kisha akacheka kicheko kifupi cha puani, cha kwanza Fundi kukisikia tangu aingie nyumba ile. Akavuta kiti, akakiweka mbali kidogo, akavua saa yake ya mkononi.

"Ukianza useme 'sasa'. Ukiisha useme 'basi'."

Wakakaa hivyo. "Sasa," alisema Fundi. "Basi." Mzee akasema, "Dakika nane." Baadaye kidogo akasema, "Saba." Kati ya uchungu na uchungu Fundi alipiga simu. Mumewe alipiga kelele hata simu ikakwaruza: "Nageuza gari! Nageuza sasa hivi!"

"Unageuza uende wapi na mzigo wa watu? Wewe endesha taratibu ufike mzima. Kazi ya huku ni yangu."

Mama mkwe yeye hakulia wala hakushangaa. Alitoa amri kama askari: mkoba uko juu ya kabati, kadi ya kliniki imo mfuko wa pembeni, uji unywe hata kama hutaki. Kisha akasema, "Mpe huyo mzee simu." Mzee akaiweka sikioni, na sauti ya mkewe ikasikika chumba kizima. "Wanne nimezaa, na mara zote nne ulikuwa shuleni unafundisha pembetatu. Leo usiniambie uko shuleni!"

"Sipo shuleni," alisema mzee kwa unyonge.

Fundi aliinuka aende kuuchukua mkoba, na hapo hapo chupa ikapasuka. Maji yakamtiririka miguuni, ya uvuguvugu, yakaenea sakafuni katikati ya zile skrubu. Alisimama akiyatazama. Hofu ilimpanda kutoka magotini, na kwa muda alitamani kukaa chini pale pale alie mpaka mtu fulani aje. Lakini huyo mtu fulani alikuwa nani? Mume yuko njiani, mama mkwe yuko mji mwingine, mama yake mzazi alikwisha kutangulia mbele ya haki miaka mitatu nyuma. Akapiga moyo konde. Akaenda kubadili nguo, akajifunga kibwebwe chini ya tumbo, akatoka chumbani amevaa ndala.

"Twende, baba."

Mzee alikuwa amekwisha kuita teksi, na alikuwa anabishana na dereva kwenye simu. Mtaa ulikuwa umechimbwa. Watu wa mabomba ya maji walikuwa wamefungua mtaro tangu Jumamosi, na gari lisingeweza kufika mlangoni. Dereva angewasubiri juu, kwenye lami. Kutoka getini mpaka hapo ni hatua kama mia tatu, ambazo siku nyingine Fundi alizipita akitafuna karanga.

Wachimbaji walipowaona wakitoka, Fundi ameshika tumbo na mzee amekumbatia mkoba kama mtungi, waliacha kazi. Msimamizi wao, mwanamume mnene mwenye kofia ya plastiki, akakimbia kuleta toroli. Alikuwa ametandika magunia ndani yake, na nia yake ilikuwa njema kabisa.

"Panda, mama. Tutakusukuma mpaka juu kama malkia."

Fundi alilitazama lile toroli. Akatazama gurudumu lake likicheza kulia na kushoto hata lilipokuwa limesimama. "Malkia wa toroli hilo atazikwa leo," alisema. "Nati yake imelegea. Ahsante, kaka. Nitatembea mwenyewe."

Wakacheka, lakini walimpisha. Alitembea akifuata ukuta, mkono mmoja ukigusa matofali. Uchungu ulimkuta kwenye geti la jirani, akalishika geti, akafumba macho, akapumua mpaka ukapita. Akaenda tena. Akafika mahali mtaro ulipokata njia, na juu yake pana mbao mbili nyembamba zilizokuwa zinapinda hata kwa paka. Hapo akasita.

Mzee akautupa mkoba begani, akanyoosha mkono. Hawakuwahi kushikana mikono hata siku ya harusi. Aliona Fundi anasita, akasema, "Shika, mwanangu. Heshima tutaikuta hospitalini."

Fundi akaushika. Chini, bila mtu kuwaamuru, wachimbaji watatu walikuwa wamerukia mtaroni wakaziwekea mbao mabega yao ili zisipinde. Alivuka juu ya vichwa vyao, hatua kwa hatua, na katikati ya mbao uchungu mwingine ukaja. Akausimamia hapo hapo, kucha zake ndani ya mkono wa mzee. Hakuna aliyetikisika. Mzee naye alikunja uso tu. Alama nne za kucha alikaa nazo wiki nzima.

"Basi," alisema Fundi, na akamalizia kuvuka.

Hospitalini alipokelewa na mkunga mfupi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, mtu asiyepoteza neno. Aliuliza maji yalikuwa na rangi gani. "Meupe," alisema Fundi, "safi." Mkunga akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akampima, akasikiliza moyo wa mtoto, akavua glavu.

"Njia imefunguka sentimita nne. Umeanza vizuri, lakini kifungua mimba hana haraka. Inuka utembee."

"Nimetoka kutembea, sista."

"Huko ulikuwa unakuja. Sasa ndiyo unatembea."

Basi akatembea. Ukumbi wa wodi ulikuwa na madirisha sita. Alikwenda mpaka la sita, akarudi mpaka la kwanza. Nje ya mlango wa wodi palikuwa na benchi, na kila alipofika dirisha la kwanza alimsikia mhudumu akimhimiza mzee aende nyumbani. Wanaume wote huenda nyumbani, alisema. Watampigia simu mambo yakiwa tayari.

"Mara nne nilipigiwa simu," mzee alijibu. "Leo nitakaa."

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka mjukuu awepo, nikae naye."

Saa nane mchana vichekesho vilikwisha. Uchungu haukuwa tena unakuja na kuondoka. Ulikuwa unakuja na kabla haujaondoka mwenzake ameshaingia. Kijasho kilimtoka hadi kwenye kope. Alijaribu kupiga kelele, akaona kelele zinamla nguvu. Alijaribu kubana pumzi, akaona anazama. Kitandani, ameshika vyuma vya pembeni, alimwambia mkunga kwa utaratibu wote, kama mtu anayeomba ruhusa kazini:

"Sista, mimi leo basi. Naomba niende nyumbani. Nitakuja kuzaa kesho."

Mkunga hakucheka, ila macho yake yalicheka. "Kesho nina mapumziko. Zaa leo." Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamfuta uso kwa kitambaa cha maji. "Nisikilize. Unauogopa uchungu wa saa tisa na wa saa kumi, na wala haujafika. Ulio mbele yako ni mmoja. Toa pumzi ndefu, sauti iwe chini, uumalize huo mmoja."

Fundi alilichukua neno hilo kama kamba aliyotupiwa. Mmoja. Ulipokuja alitoa sauti nzito kutoka kifuani, akausindikiza mpaka ukaisha. Mmoja tena. Hakutaka kujua ni saa ngapi. Alimkumbuka mama yake, ambaye naye aliwahi kulala kitanda kama hiki kwa ajili yake, akafikiri: kumbe ulinifanyia haya, na hukuwahi kunidai. Machozi yakamtoka, lakini hakuacha. Mmoja tena.

Halafu mwili wenyewe ukabadilika. Kitu kizito kikashuka, na nguvu ambayo hakuiagiza ikaanza kusukuma.

"Sasa nifuate," alisema mkunga, miwani imeshuka machoni. "Kidevu kifuani. Sukuma! Tena! Hivyo hivyo. Naona nywele. Ana nywele huyu!"

"Nyingi?" aliuliza Fundi akihema, na mwenyewe akashangaa kwamba alitaka kujua.

"Utahesabu baadaye. Sukuma!"

Alisukuma mpaka akaona giza lenye cheche. Akaambiwa asisukume, apumue kwa pumzi fupi fupi kama mbwa aliyekimbia juani, na hiyo ndiyo ilikuwa amri ngumu kuliko zote, kujizuia wakati kila mshipa unataka kumaliza. Akajizuia. Kichwa kikatoka polepole. Akapewa ruhusa, akasukuma mara moja ya mwisho, na kitu kirefu, cha moto, chenye kuteleza kikamtoka chote kwa pamoja.

Kimya. Mkunga alikuwa anamsugua mtoto mgongo kwa taulo, haraka. Fundi akajiinua kwa viwiko. "Mbona halii? Sista, mbona halii?"

Kikatoka kikohozi, kisha mlio mwembamba, kisha kilio kamili cha mtu aliyeudhiwa.

"Msichana," alisema mkunga, akamweka kifuani kwa mama yake. "Saa kumi na dakika ishirini."

Alikuwa amekunjamana, mwekundu, nywele zimeganda kwenye paji la uso, anatazama bila kuona. Fundi alitegemea kuwa atalia, au ataimba, au atasema neno kubwa. Alichosema ni, "Karibu. Pole na safari."

Walipomalizana naye na kumsafisha, mzee aliruhusiwa kuingia. Alisimama miguuni pa kitanda, shati limechomoka upande mmoja, akajaribu kusema hongera. Akaishia kuvua miwani yake na kuifuta kwa muda mrefu.

"Mama mkwe wako amepiga simu," alisema hatimaye. "Anataka kujua mtoto amefanana na nani. Nimwambieje?"

"Mwambie amefanana na mtu aliyechoka."

Mzee akaletewa mjukuu mikononi. Alimpokea akiwa amekauka kama mbao, viwiko nje, hapumui, mpaka mhudumu akamwambia mtoto si trei ya mayai. Ndipo akalegea, akaketi, na akaanza kumnong'oneza kitu ambacho Fundi hakukisikia wala hakuuliza.

Jioni, jua likiwa bado dirishani, mtoto akatafuta ziwa. Fundi alidhani hili litakuwa jambo rahisi. Halikuwa. Mtoto alifungua kinywa, akakosa, akalia. Akaelekezwa, akashika ncha, akaachia, akalia zaidi. Mwili wa Fundi wote ulikuwa unauma, mikono ilikuwa mizito kama imejazwa mchanga.

"Pumzika kwanza," alisema mkunga, ambaye zamu yake ilikuwa inaisha na mkoba wake alikuwa ameshaubeba. "Wa zamu ya usiku atakusaidia."

"Bado kidogo, sista."

Akajisogeza akae vizuri, akaweka mto chini ya kiwiko, akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo kama alivyoonyeshwa. Mkunga akautua mkoba sakafuni, akakaa. Fundi alisubiri. Mtoto akalia, akanyamaza, akapiga miayo mikubwa ya kinywa wazi, na hapo Fundi akamvuta karibu. Mtoto akashika, akanyonya kwa nguvu ambazo hakuna aliyezitegemea kwa kiumbe kidogo namna ile, hata mama yake akakunja vidole vya miguu kwa maumivu.

Hakumwondoa. Alimtazama akimeza, akaegemea ukuta, na kumwambia mzee, ambaye alikuwa ameshaugeukia mlango kwa heshima, kwamba ana njaa na angependa kula chochote kilichopo.