Mayai Tisa Yaliyonuna

…na samahanini, mabibi na mabwana, hii ataisimulia vibaya, akawa anajiambia huku amepiga magoti mbele ya boksi la kuangulia mayai, sikio limebanwa kwenye kioo, makalio yameelekea mlangoni, maana mshereheshaji aliyezoea kusimama na kipaza sauti hawezi kusimulia kwa magoti, magoti ni ya kuombea radhi, na radhi yenyewe amwombe nani, kuku?, tulia basi, sikiliza, hakuna kitu, ni balbu tu inavuma, siku ya ishirini na moja, ya kuanguliwa, ilikuwa jana, leo ya ishirini na mbili, saa kumi jioni, na kioo kilichojaa ukungu siku nne nzima ndiyo kwanza kimeachia kidirisha cha kadiri ya kiganja, na ndani ya kidirisha hicho… yamenuna. Yote. Mayai tisa, sura tisa za penseli, midomo imeshuka kama wageni walioambiwa chakula kimeisha.

"Baba Pacha, yamelia?" Mkewe huyo, jikoni.

"Bado, yanajipanga!"

Yanajipanga, jibu gani hilo, mtu mzima, na nani kayanunisha?, mwenyewe ndiye aliyechora, muuza chakula cha kuku alimwambia, mzee, tia alama, upande huu msalaba, upande huu duara, geuza mara tatu kwa siku, usipogeuza kifaranga kinaganda ubavuni mwa ganda, ikifika siku ya kumi na nane funga, usiguse tena, basi yeye, kichwa chake hicho, badala ya msalaba akachora sura inayocheka, badala ya duara sura iliyonuna, akidhani mkewe atacheka, mkewe akasema "mazuri" kama anayepokea risiti, na jioni ile ya kumi na nane, anakumbuka vizuri kabisa, aliyageuza yote yakacheka, akayaambia haya, malizieni kwa furaha, akafunga, sasa hii minuno… tik… tik… kimya!, umesikia?, tik, yai hilo, hapana, linatoka jikoni, ni vijiwe, mkewe anapanga vijiwe kwenye kisahani cha maji, vifaranga visizame, kama alivyokuwa akipanga mama mkwe, na kuku ni wa mama mkwe, yule kishingo, shingo tupu kama aliyesahau kuvaa kola, aliyekuwa akimfuata bibi huyo mpaka mlango wa choo, baada ya mazishi ya bibi akaletwa hapa kwenye kikapu, akataga, akaatamia siku mbili, kicheche akapita, asubuhi manyoya matatu na mayai tisa bado ya moto, mkewe akayakinga kwenye upindo wa gauni, hakulia, hajalia wala hajacheka miezi mitano, na yeye, anayewavunja mbavu watu mia nne ukumbini, ndani ya nyumba yake mtu mmoja tu kamshinda, amevaa gauni lake, ameiga sauti ya daktari, amejiangusha makusudi kwenye beseni la nguo, "utaumia," basi, ndipo akachukua sanduku la vinywaji baridi, kioo cha picha, balbu, bakuli la maji, vifaranga vitamchekesha, kifaranga cha shingo tupu nani atakikazia uso, na hakuna mayai mengine ya ukoo huo duniani, haya yakioza ndiyo basi…

"Au hatukuyageuza vya kutosha?"

"Hatuku… nani hatuku?"

"Mimi na wewe. Si siku ya pili ulitoka mbio kwenye shughuli zako, nikajua umesahau, nikageuza. Tangu hapo nikawa nageuza kila ukitoka. Sikutaka kukuumbua."

"Kila nikitoka?"

"Kila ukitoka, Baba Pacha."

"Na zile sura hukuziona?"

"Bila miwani? Naona madoa tu."

Subiri, subiri, yeye anageuza, yacheke, anatoka, mke anaingia, anageuza, yanune, yeye anarudi, yacheke, mke, yanune, kwa hiyo mayai hayakugeuzwa, mabibi na mabwana, yametikiswa tu, siku kumi na nane ubavu uleule, na neno lilikuwa limeshamfika ulimini, tamu, lina makali, Mama Pacha umewakaanga wajukuu wa mama yako kwa mwanga wa balbu, ukumbi mzima ungeanguka, akavuta pumzi alitoe… tik. Kisha hakuna tik. Jikoni sauti ndogo, "mama alikuwa akichagua vya mviringo," ikakwama hapo, na neno akalimeza na miba yake, kwa sababu mke aliona madoa tu, sawa, je, yeye asiyehitaji miwani?, mwenye macho yake mawili?, mara hamsini na kitu amefunua boksi hili akakuta nyuso zimenuna, zilezile, akazipindua zicheke, akatoka zake akijipigia makofi…

"Baba Pacha? Yamelia?"

Yamenuna bado, balbu inavuma, magoti yanawaka moto, na yeye, bingwa wa kuchekesha, ndiyo kwanza inamjia kwamba humu ndani, kwenye boksi na nje ya boksi, hata siku moja hajawahi kuuliza mtu amenunia nini.