Waya Chini ya Kiti

Alikuwa ameendesha trekta la kukatia nyasi kwenye viwanja vya chuo kwa miaka kumi na tisa, hata jina lake watu walishalisahau. Walimwita Dereva. Trekta lenyewe lilikuwa dogo, la kukaliwa na mtu mmoja, visu vyake tumboni. Lilipokuja lilikuwa na adabu zake: ukiinuka kitini visu vikiwa vinazunguka, linazima papo hapo. Lakini kiti kilipochakaa likawa linazima hata likitikiswa kidogo na shimo. Dereva akachoka nalo. Siku moja akakifunua kiti, akachuna nyaya mbili za swichi ya kulizima, akaziunga kwa kipande cha waya na kuzungushia utepe. Tangu siku hiyo halikuzima tena ovyo, naye hakumwambia mtu.

Mgongo ulipoanza kumsumbua, chuo kikamtaka afundishe mtu wa kumpokea. Akamleta shemeji yake, mdogo wa mkewe, baba wa watoto wawili aliyekaa bila kazi tangu kiwanda chao kifungwe.

"Mguu wa kushoto kwenye klachi, mpaka chini," Dereva alimwelekeza. "Asubuhi injini ikiwa baridi, vuta choki. Mkono huu wenye picha ya sungura na kobe ni wa kasi. Wewe kaa na kobe kwanza. Huu mwingine unainua na kushusha visu. Kitufe cha njano ndicho kinavizungusha. Umenipata?"

"Nimekupata. Na nikishuka?"

"Ukishuka, linazima lenyewe."

Maneno yalimtoka kwa mazoea. Waya aliukumbuka baadaye kidogo, lakini shemeji alishawasha, akampigia saluti kama askari wa gwaride, akaondoka akicheka. Nitamwambia kesho, Dereva akajisemea. Kesho ikapita, na nyingine.

Alhamisi asubuhi Dereva alikuwa stoo akipaka toroli grisi. Akasikia mlio wa injini ukibadilika, ukawa mzito kama unatafuna kitu. Halafu akasikia sauti ya mtu.

Msimamizi aliandika ripoti siku hiyo hiyo. "Lazima alipenyeza mguu akiwa amekaa, anasukuma tawi lililonasa," alisema. "Angeshuka, lingezima. Au sivyo, Dereva?"

"Ndivyo," Dereva akajibu.

Siku ya tatu alikwenda hospitali. Shemeji alikuwa amelala chali, shuka limelala bapa pale ulipotakiwa kuwepo mguu wa kulia. Mke wa Dereva alikaa pembeni akimmenyea mdogo wake chungwa.

"Shemeji," mgonjwa alisema polepole, "wananiambia nilikuwa nimekaa. Mimi nakumbuka nilishuka. Nakumbuka umande ulivyoniingia kiatuni. Au akili yangu imeanza kuruka?"

Dereva alitazama sakafu, akatazama mlango, kisha akamtazama yeye.

"Akili yako ni nzima. Ulishuka. Mimi ndiye niliyeziunga nyaya za swichi ya kulizima, miaka mingi sasa. Nikakudanganya kwamba linazima."

Chungwa likabaki mkononi mwa mkewe. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Siku tatu unakaa mezani kwangu, unaniangalia nalia, unajua?"

 Shemeji aligeuza uso ukutani. "Nilishaanza kuwaamini wanaosema nilikaa," alisema, akaanza kulia.

Dereva alirudi chuoni kwa miguu. Akamwita msimamizi, akafunua kiti, akamwonyesha waya.

"Umebakiza miezi minne ustaafu," msimamizi alisema kwa sauti ya chini. "Mguu hautaota. Funika hicho kiti, mzee."

"Andika ripoti upya."

"Unajichimbia kaburi."

"Andika, nitie sahihi."

Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshaachishwa kazi na kukabidhi funguo, ovaroli na kofia, na mlinzi akamfungulia geti.

Nyumbani alimkuta mkewe anakunja nguo, anazipanga kwenye begi.

"Nakwenda kwa mdogo wangu," alisema bila kugeuka. "Wifi yangu hawezi kumuuguza peke yake na watoto wale."

"Nimewaambia kazini. Kila kitu."

"Vizuri."

"Utarudi lini?"

Alifunga zipu. Dereva akanyoosha mkono ampokee begi, angalau amfikishe barabarani. Mkewe akalivutia kwake, akapita.

"Usije kule mpaka yeye mwenyewe akuite," alisema.

Dereva alikaa juu ya kitanda, viatu bado miguuni.