Mbili za Mjomba Zuberi

Mwajuma hakuwahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Wateja wake wa Gitega, Burundi, walishamzoea: unampelekea mtoto apimwe sare ya shule, anampima huku macho yake yakiwa barabarani, anakaa kwenye cherehani, anainuka, anafungua dirisha, analifunga. Siku ambayo angalau alijaribu kutulia ilikuwa Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, vitambaa vikishasogezwa pembeni na dadu zikamwagwa katikati ya meza ya kukatia.

Hapo yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji. Mchezo wenyewe si mgumu kama watu wanavyojitisha. Kila mchezaji ana mhusika wake, kaandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, kazi yake, anachokijua na asichokijua. Mwongozaji anasimulia nchi ya majitu na mapango, mchezaji anasema mtu wake anafanya nini, na panapoingia shaka, dadu ya pande ishirini inaamua. Sheria zilikuwa kwenye kitabu kinene cha Kifaransa, jalada limenyofoka, ambacho Mwajuma alikiokota chini ya rundo la mitumba sokoni. Wachezaji walikuwa wawili. Nadia, muuza vitenge wa mlango wa pili, alicheza mganga mwenye maneno mengi kuliko dawa. Godfrey, mkulima wa Buraza aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, alicheza mhunzi aitwaye Kirungu, na kila Jumamosi alikuja kwa baiskeli.

Kulikuwa na sheria moja iliyowatesa. Kwenye meza ya Mwajuma, mhusika hapati ufundi mpya kwa kuupenda tu. Lazima akae kwa fundi wiki kadhaa za mchezo, na mwisho fundi amwambie mbele ya mashahidi, "Nimekupa radhi." Akiondoka bila radhi, kila atakapotumia ufundi huo atapunguziwa mbili kwenye dadu, maisha yake yote. Kirungu alimtoroka mhunzi wake mwanzoni kabisa mwa safari yao, kwa haraka ya kuwahi vita. Tangu hapo Godfrey alikuwa akizibeba hizo mbili.

Jumamosi hiyo Kirungu alikuwa ananing'inia kwenye mnyororo wa daraja, na pete ya mnyororo inafunguka. Ili aikaze alihitaji kumi na tano. Godfrey akarusha, ikaja kumi na sita.

"Toa mbili," alisema Mwajuma. "Kumi na ine. Pete imeachia. Imebaki moja tu, utarusha tena Jumamosi ingine."

Godfrey hakulalamika. Alifungua mkoba wake akatoa karatasi zilizobanwa pini, alizochapisha mjini.

"Hiki ni kitabu cha nyongeza," alisema. "Nilikipata kwenye simu, cha Kiingereza. Kina sura nzima ya kujifunza ujuzi. Kinasema kinaongezea sheria za kitabu kikuu, hakifuti hata moja. Basi nimekisoma chote nikitafuta radhi, sikuiona. Dada Mwajuma, ile sheria iko ukurasa wa ngapi?"

"Iko mule ndani."

"Ukurasa wa ngapi?"

Nadia alikohoa. "Mi nilimusomea Godfrey kile kitabu ya Kifaransa siku ya Alhamisi, we ulikuwa umeenda kununua nyuzi. Table des matières yote, sura moja moja. Radhi haiko, Mwajuma. Pardon."

Mwajuma aliinuka, akaenda dirishani, akarudi.

"Nimebeba mbili hizi mwaka mzima," Godfrey alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Nilidhani ndivyo mchezo ulivyo. Kama sheria ni yako, sema ni yako. Nitaikubali au nitaikataa, lakini nijue nani ananipunguzia. La sivyo, Jumamosi msinisubiri."

Akachukua baiskeli yake.

Sheria ilikuwa ya Mwajuma, kweli. Ilikuwa kwenye daftari lake la shule, kwa mwandiko wake, na aliiandika wiki ile ile alipohamia Gitega. Alikuwa amekaa miaka minne Muyinga kwa mjomba wake Zuberi, fundi wa makoti, akijifunza. Miaka minne ya vifungo na pindo. Kila mwaka mjomba alisema bado, kila mwaka alimnyima mkasi mkubwa ambao fundi humkabidhi mwanafunzi wake siku anapompa radhi. Ijumaa moja, mjomba akiwa msikitini, Mwajuma alipanda kitini, akautungua ule mkasi msumarini ulikotundikwa, akakata nao kitambaa cha koti zima kwa hasira, akauacha juu ya cherehani akaondoka. Sasa ni miaka mitatu. Na kwa miaka hiyo mitatu, kila alipotandika kitambaa cha koti, alichukua mkasi, akauweka chini, akakikunja tena. Alishona sare za shule. Koti hakulikata tena. Alijua sababu, au alijiambia anaijua: hakuwa na radhi. Alipowaletea wenzake ile sheria na kuwadanganya kwamba imo kitabuni, alitaka tu wengine nao waonje kuishi bila radhi.

Jumatatu alikwenda stendi. Gari la Muyinga lilikuwa linangojea mafuta. Alikaa, akasimama, akanunua karanga, akampa mtoto wa abiria mwenziwe zile karanga, akaenda kumuuliza dereva, akarudi, akaenda tena. Dereva akamwambia, "Dada, hata ukiniuliza mara kumi, pompe ya mafuta haitasikia." Saa tano ndipo walipoondoka, na njia nzima hadi Karuzi na kuendelea Mwajuma alikuwa anapanga maneno na kuyapangua.

Alimkuta mjomba kibarazani pake, miwani imefungwa uzi sikioni, makoti matano yametundikwa nyuma yake.

"Asalaam aleikum, mjomba."

"Waleikum salaam. Umekuja." Hakuinua kichwa. "Kaa. Fumua hii pindo."

Akafumua. Alifika nusu ya mguu wa suruali, uvumilivu ukamwishia.

"Mjomba, nilikuja kuomba radhi. Niliondoka vibaya. Toka ile siku nikishika mkasi nikate koti, naurudisha chini. Nisamehe, unipe."

Cherehani ilisimama. Zuberi aliweka kidole juu ya kitambaa.

"Radhi mi siko nayo," alisema.

"Ungali umekasirika."

"Oya, hapana. Sikia. Mi siko nayo ya kukupa. Fundi wangu, mzee Mahmudu wa Bujumbura, na mi nilimutoroka. Nilikuwa kijana, nikasema nitarudi mwaka unakuja nimuombe. Halafu ikaingia vita, akafa, hata kaburi yake sijui. Donc ndiyo maana we nilikuwa nakuchelewesha. Kila mwaka nasema, Mwajuma amefika, nimupe mkasi. Halafu najiuliza, nitamupa na mdomo gani?"

Hasira ilimpanda Mwajuma mpaka masikioni. Miaka minne ya vifungo! Miaka minne akijiona hana akili, kumbe mzee anaogopa! Alisimama aondoke, na angeondoka, lakini macho yake yakagota kwenye yale makoti. Mabega yamelala vizuri, kola zimekaa, hakuna mshono uliovuta. Hapo hapo hasira ikachanganyika na huruma, asijue ashike ipi.

Akakaa tena. Akamweleza mjomba habari za mchezo, za Kirungu na daraja, za Godfrey na karatasi zake. Zuberi alisikiliza kwa makini kama anayepokea vipimo vya mteja.

"Huyo muhunzi munamupunguzia ngapi?"

"Mbili."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na nani aliandika hivyo?"

Swali lile lile la Godfrey. Safari hii halikuwa na dirisha la kulikimbilia.

"Ni mi," alisema Mwajuma.

Zuberi aligeuka akayatazama makoti yake. "Miaka makumi tatu na kitu," alisema polepole. "Zote hizi nilikata nikiwa napunguziwa mbili." Alitaka kucheka, midomo ikamkatalia. "Basi, kama ni we uliandika, nirudishie mbili zangu."

Mwajuma alilitoa daftari mkobani. Alichukua kalamu iliyokuwa juu ya cherehani, akaupata ule mstari, akaukata kwa wino mzito kutoka mwanzo hadi mwisho, mjomba akitazama.

"Nimekurudishia, mjomba."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaifuta tena. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitambaa. Ulikuwa ule ule mkasi, umepakwa mafuta, umenolewa. Akamwita Melania, muuza dagaa wa ng'ambo ya barabara, aje awe shahidi. Mama wa watu alikuja mikono inanuka samaki, akiuliza kuna msiba gani.

"Haiko msiba," alisema Zuberi. "Sasa naweza. Mwajuma, nimekupa radhi."

Jumamosi Godfrey alikuja, baiskeli akaiegemeza ukutani bila kuifunga, kama mtu ambaye huenda hatakaa. Mwajuma alimfungulia daftari mbele ya Nadia.

"Sheria ilikuwa yangu, nikawadanganya. Haiko tena. Kirungu arudishiwe mbili zake. Na hiyo nyongeza yako tutaisoma, utufasirie."

Godfrey aliutazama ule mstari uliokatwa, akaitikia kwa kichwa, akaketi. Pete ya mwisho ya mnyororo, kumi na tano. Akapuliza dadu kiganjani akarusha.

Kumi na tatu.

Pete ikaachia, Kirungu akaanguka mtoni, akaenda na maji.

"Hii sasa ni yangu mwenyewe," alisema Godfrey, akaangua kicheko ambacho hakuna aliyekitegemea. "Nipeni karatasi nyingine, nianze mtu mpya. Huyu nitamsomesha mpaka mwisho."

Nadia aliinama kuiokota dadu pembeni ya meza, ilikobingirikia, akaona imelala juu ya kitambaa kizito cha kijivu: mgongo, vifua viwili, mikono, vyote vimekatwa kwa mkato mmoja safi.

"Eh, hii koti nani alikata?"

"Ni mi," alisema Mwajuma, akiwa bado amekaa.