Jibini Juu ya Kioo

Jibini ngumu Mama Pacha aliikata vijiti vyembamba, ile laini akaikata pembetatu. Zabibu zilikuwa zimeoshwa na kufutwa moja moja, matufaha yamepakwa maji ya limau yasibadilike rangi, na komamanga limepukuchwa hadi punje ya mwisho. Kilichobaki ni kuvipanga tu juu ya ubao mpana aliochongewa na mumewe, fundi seremala.

Wifi yake, mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo, alikuwa njiani na walimu wenzake wawili. Walitafuta mtu wa kuandaa meza ya vitafunio siku ya wazazi, na wifi hakumung'unya maneno: "Kazi sikupi kwa undugu. Nakuja na wenzangu, wajionee wenyewe."

Wazazi wote wa shule waione kazi ya mikono yake! Mama Pacha alikuwa akilala na kuamka na wazo hilo.

Akaweka pembetatu ya kwanza ubaoni. Alipotaka kuisogeza kidogo, ikagoma. Akaivuta, nusu ikaja, nusu ikabaki. Harufu kali ikampanda puani.

"Baba Pacha! Umeufanya nini ubao wangu?"

Mume akatokea, brashi ingali mkononi, uso unang'aa kuliko ubao wenyewe. "Umeuona? Si ulisema unataka uvutie macho? Nimeupiga vanishi ulipokuwa unawaogesha watoto."

"Vanishi! Watu wanakuja kula, mume wangu, hawaji kununua kabati!"

"Kesho asubuhi itakuwa imekauka kabisa."

"Kesho!"

Alitaka kulia. Lakini alipomtazama mwanamume mzima amesimama kama mtoto aliyemwaga uji, kicheko kikamponyoka. Sahani alizokuwa nazo zilichorwa bata, na sinia lake lilikuwa dogo mno. Macho yakazunguka, yakaingia chumbani, yakatua kwenye mlango wa kabati la nguo, wenye kioo.

"Lete bisibisi."

"Ya nini tena?"

"Wewe lete. Ukibisha nakunywesha hiyo vanishi."

Kioo kirefu kikashushwa, kikaoshwa kwa sabuni, kikasuuzwa, kikafutwa kikavu na kulazwa mezani. Mama Pacha akapitisha zabibu katikati kama mto, jibini zikakaa kingoni, vipande vya tufaha vikafuata, punje za komamanga akazinyunyiza kila penye uwazi. Kila kitu kikawa na pacha wake chini. Hapo hapo wakasikia hodi.

Wageni walipoingia sebuleni, wakaizunguka meza. Mwalimu mmoja akainama kuchukua zabibu, akajiona, akaanza kurekebisha kilemba chake.

"Mwenzetu, umekuja kula au kujipamba?" wifi akamtania.

"Jamani, hivi ndivyo ninavyotafuna?" mwalimu wa pili akashangaa, shavu limejaa. "Miaka yote hii, na hamkuniambia?"

Wakacheka hadi kushikana mabega. Wifi peke yake akarudi kuwa mkaguzi. Akaonja jibini laini, akaonja tena na kipande cha tufaha.

"Kioo ni wazo la nani?"

Angeweza kujisifu. Badala yake akasema, "Wifi, nisikudanganye. Ubao wangu uliharibika." Akaeleza yote, vanishi na bisibisi.

Wifi akamgeukia kaka yake. "Wewe! Ulishapaka kiti cha baba rangi, akakikalia kwa suruali ya kazini. Hujakoma tu?"

"Nilitaka kipendeze, dada."

Wifi akatikisa kichwa, kisha akamshika Mama Pacha mkono. "Siku ya wazazi hapakosi vituko. Mvua itanyesha, mtoto atavuta kitambaa cha meza. Namtaka mtu ambaye mambo yakiharibika haketi chini kulia. Mimi nimeridhika. Nyinyi je?"

Walimu, vinywa vimejaa, wakaitikia kwa vichwa.

Mama Pacha akasema anakwenda kuleta maji. Alipofika jikoni akasahau maji yenyewe. Akauegesha mlango, akavua kandambili, akacheza pale pale, taratibu, asisikike.