Dhamana ya Ubao Mama

Usiku wa jana niliota nimesimama mahakamani, nimevaa koti langu la kijivu na tai, mkononi nimeshika kadi ya dhamana ya kompyuta. Chini nilikuwa nimejifunga msuli, lakini hakuna aliyejali. Nilikuwa nimekwenda kumtoa ubao mama.

Kwa asiyejua, ubao mama ni ule ubao mkubwa ulio ndani ya kompyuta, ambao vipande vingine vyote hukaa juu yake kama watoto mkekani. Mafundi huuita madabodi. Mimi nilisoma shule ya usiku nikiwa tayari na ndevu, na tangu hapo neno la kigeni haliingii nyumbani kwangu bila kuvua viatu.

Ubao wangu ulizimika wakati wa masika. Nikaipeleka kompyuta nzima kwenye kituo cha matengenezo cha wale walioniuzia, kwa kuwa kadi ilisema ina dhamana. Ikakaa huko mpaka mahindi yakakomaa. Ilirudi na karatasi imeandikwa “Imetengenezwa.” Nikaiwasha. Ikaninyamazia kama mkwe aliyesusa.

Ndani yake kimo kitabu cha maisha yangu, nilichokipiga kwa vidole viwili, neno kwa neno. Nakala nyingine sina. Niliiamini mashine kama nilivyoiamini kadi.

Basi niko mahakamani. Mlangoni amesimama askari mrefu mwembamba, jina lake Bisibisi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nimekuja kumchukua mama.”

“Kwa dhamana au kwa mazishi?”

“Kwa dhamana.”

Bisibisi akacheka huku akizunguka palepale aliposimama, maana bisibisi hajui kucheka kwa namna nyingine.

Hakimu alikuwa Kibandiko. Ni kile kikaratasi cha rangi ya fedha kinachofunika skrubu nyuma ya kompyuta, kilichoandikwa: UKINIBANDUA, DHAMANA BATILI. Alikuwa amebandikwa kwenye kiti chake, na watu wote walikaa mbali naye wasije wakamgusa kwa bahati mbaya.

“Mheshimiwa,” nikasema, “dhamana yangu hii hapa.”

“Dhamana yako imefariki,” akasema hakimu. “Jumanne iliyopita.”

“Jumanne iliyopita kompyuta ilikuwa kwenu.”

“Naam. Imefia mikononi mwetu. Pole sana.”

“Sasa kwa nini mliikalia muda wote huo?”

“Tulikuwa tunaisubiri ifariki.”

Viti vyote vikapiga makofi.

“Na kosa ni la nani, mheshimiwa?”

“La mtu aliyesoma kadi mbele, asisome nyuma.”

Hapo alinigusa pabaya, kwa sababu katika mtaa wetu mimi ndiye ninayewasomea wenzangu. Nikaigeuza kadi. Nyuma palikuwa na maandishi madogo kama sisimizi. Nilipoinama kuyasoma, yalianza kutembea, yakajipanga mstari, yakaingia kwenye ufa wa ukuta.

Kisha akaletwa mama. Amegongwa mhuri kwenye paji la uso: AMETENGENEZWA. Moshi mwembamba unamtoka sikioni.

“Mama, wamekufanya nini humu?”

“Nimetengenezwa,” akasema kwa sauti ya mtu aliyefundishwa la kusema. Halafu akanivuta ukosi wa koti. “Wanangu usiwape mama ambaye mapaja yake hayawatoshi.”

Akakata kauli.

“Mlalamikaji akatafute mama wa kambo,” akaamuru Kibandiko. “Ila mimi asinibandue.”

Nilifumba macho kufuta chozi. Nilipofumbua, mahakama ilikuwa sebule yangu na watu wamekaa matanga. Watoto wa marehemu wamejipanga mkekani. Kaka mkubwa ni Prosesa, mwenye akili nyingi na miguu midogo isiyohesabika. Wanafuata Kulwa na Doto, pacha wa kumbukumbu, wembamba wote wawili. Kitindamimba ni Diski, ambaye kitabu changu chote kimo kifuani mwake. Tangu mama yake azimike, hajasema neno. Shangazi yao Feni anazunguka chumba kizima akilia, “Joto, jamani! Joto litatuua!”

“Diski, mwanangu,” nikambembeleza, “nisomee japo ukurasa wa kwanza.”

Akanitazama tu. Mtoto asiye na mama hasemi mbele za watu.

Hodi ikapigwa. Akaingia mchumba wa kwanza, amejaa taa za rangi kuanzia utosini hadi nyayoni, zinawaka na kuzimika kama duka la harusi.

“Mimi ni wa kisasa,” akasema. “Mnacheza michezo gani hapa?”

“Bao,” nikajibu.

Akakaa. Prosesa akajaribu kumkalia mapajani, mara akaruka.

“Baba, huyu ananichoma! Mimi miguu iko hapa, yeye matundu yako kule!”

“Badilisha mtoto,” akasema yule wa taa. “Na hao pacha nao ni wazee kwangu. Nunua wengine.”

“Yaani niwatupe watoto ili wamfae mama?”

“Wenzako ndivyo wafanyavyo, mzee. Hununua mama, kisha hununua watoto, kisha huona nyumba ni ndogo, hununua na nyumba. Mwisho wa yote hucheza karata.”

Feni akamwonyesha mlango.

Wa pili alikuja na mshenga, amejitanda ukaya gubigubi. “Binti yetu hajawahi kukaa kwa mtu,” mshenga akaapa. Kulwa akasogea, akamnusa.

“Mbona ana vumbi la nyumba nyingine?”

“Hilo ni vumbi la njiani.”

Kulwa akakaa paja la kulia, akaenea. Doto akakaa la kushoto, akateleza mpaka sakafuni.

“Hilo halifanyi kazi,” mchumba akanong’ona chini ya ukaya. “Ila niliambiwa nisitaje.”

“Dada, hukusema uongo,” Feni akamwambia. “Ulisemewa.” Naye akaenda zake.

Wa tatu hakupiga hodi. Nilimkuta tu amekaa pembeni, hana taa wala ukaya, sura yake ni ileile ya marehemu.

“Mimi ni mdogo wake,” akasema. “Tumetoka kiwanda kimoja.”

Prosesa akamkalia, miguu yote ikaingia bila kulia. Kulwa akakaa, Doto akakaa. Diski akamwegemea. Moyo wangu ukaanza kucheza lelemama.

“Basi ingia, shemeji, nyumba ni yako.”

“Siingii,” akasema. “Nyumba aliyofia dada yangu siingii kabla sijajua alikufa na nini. Akiugua mtu mkatafuta mrithi bila kuuliza ugonjwa, mtanizika na mimi.”

Feni akaacha kuzunguka.

“Wale wa kituo wamesema ametengenezwa,” nikajitetea.

“Fungua mlango, mzee. Tutazame.”

Mlango wa chumba cha marehemu ulikuwa palepale nyuma yangu, na juu ya kitasa amejibandika hakimu Kibandiko.

“Ukinibandua, dhamana batili!”

“Si ulisema imefariki?”

Akafikiri. “Hata maiti ina heshima yake.”

Hapo ndipo nilipomwona vizuri. Mtu mzima mimi, niliyesoma kwa taa ya kibatari, nimezuiwa na karatasi nisiingie katika nyumba yangu mwenyewe. Nikampa kucha ya kidole gumba. Akabanduka taratibu akilia, “Batili! Batili!” kwa sauti inayozidi kuwa ndogo, mpaka akaning’ang’ania gumbani, kimya.

Ndani kuna kitanda. Juu ya kitanda amelala mjusi, kichwa mto wa huku, mkia mto wa kule, mikono ameikunja kifuani.

“Wewe ni nani?”

“Mpangaji.”

“Ni mjusi kafiri!” akapiga kelele Feni.

“Mnaniita kafiri,” akasema mjusi, “na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza dini yangu.”

“Ndiwe uliyemuua mama?”

“Niliingia masika kutafuta joto. Nikajinyoosha juu yake, kichwa huku, mkia kule. Umeme ulipokuja ukakosa njia yake, ukapita kwangu. Tulikwenda pamoja, mzee. Tangu siku hiyo niko hapahapa, sijageuka hata ubavu.”

“Na mafundi walipofungua, hawakukuona?”

Mjusi akanitazama kwa huruma.

“Mafundi gani?”

Mdogo wake marehemu akashusha pumzi, akavua viatu, akaingia. Watoto wakamfuata. Nasikia Diski anakohoa, anafungua kinywa, anaanza kusoma ukurasa wa kwanza: “Nilizaliwa mara mbili. Mara ya pili ilikuwa darasani…”

Nikatikiswa bega.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Mke wangu, Mama Shukuru, alikuwa amekaa kitandani, mikono kiunoni.

“Baba Shukuru, huyo mdogo wake marehemu uliyekuwa ukimtaja usingizini ni nani?”

“Marehemu yupi?”

“Ndilo ninalokuuliza! Mimi bado niko hai. Na hayo mapaja uliyokuwa ukiyasifu, yanawatosha watoto au yanakutosha wewe?”

“Mke wangu, ni habari za kompyuta.”

“Kompyuta ina mapaja?”

Nikamweleza yote, kuanzia Bisibisi. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza muuza dawa za mitishamba.

“Haya,” akasema. “Kama ni posa ya ubao, nakwenda nawe huko madukani. Nikamtazame mwenyewe.”

Nikainua mkono wa kulia niape kwamba sijaongeza neno. Sikuapa. Kidole gumba kilikuwa kinang’aa. Kikaratasi cha rangi ya fedha kilikuwa kimenata juu yake, kimechanika katikati: DHAMANA BATILI.

Tulikwenda pamoja kwenye meza ya kompyuta. Skrubu ya nyuma ilikuwa wazi. Nikaifungua kwa ncha ya kisu cha mkate, nikaondoa ubavu wa kompyuta. Vumbi la ndani lilikuwa limetanda kama shuka, halina alama hata ya kidole.

Katikati ya vumbi hilo alikuwa amelala mjusi mkavu, kichwa huku, mkia kule, mikono ameikunja kifuani.

Mama Shukuru akainama juu ya bega langu. “Masikini,” akasema. “Na hao mafundi hawakumwona?”

“Mafundi gani?” nikasema.